Huku Si Hokkaido

Kitami, Hokkaido, 24 Septemba 1997

Mdogo wangu Mitsugu,

Huku kwetu nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi na mimi hata nguo nzito sijazitoa kabatini. Tunaendelea hivyo hivyo. Mama mkwe ametimiza miaka themanini na sita, anakula kuliko mimi. Ila akisikia gari barabarani tu ananiuliza, "Shingo kaja?" Mwanzoni nilikuwa namweleza. Siku hizi namwambia, "Bado, Mama," naye anarudi kwenye chai yake. Vitunguu tumevuna vyote, nimekutumia boksi moja, vile vikubwa unavyovipenda.

Kisomo cha siku ya arobaini na tisa tangu mwanangu Shingo afariki kilikuwa Jumamosi. Maua yako yalifika. Wewe hukufika. Nilikuwa nimekutandikia mto wa kukalia mbele kabisa, na mto ule ukabaki mtupu mpaka kasisi anamaliza kusoma, na shemeji yangu Eiji anautazama. Unajua ukoo wa marehemu mume wangu wanasemaje. Wanasema mjomba mtu alimtengenezea mtoto gari la kumuua. Mimi sijibu. Na sikufichi, Mitsugu, maana kukuficha wewe sijui: ziko asubuhi nami nasema hivyo hivyo moyoni.

Kisha kuna hili la gari lenyewe. Shingo amekufa kwenye uwanja wa mbio za magari tarehe tatu Agosti, tarehe nane wewe umeshalipeleka likapondwapondwa kuwa chuma chakavu. Siku tano! Hukuniuliza. Nilitaka hata ule mpini wa gia, ulikuwa na alama ya kiganja chake. Haraka hiyo ilikuwa ya nini?

Niandikie. Kwa simu mimi na wewe tunaishia kuongea hali ya hewa.

Dada yako,
Setsuyo


Ota, 19 Oktoba 1997

Dada Setsuyo,

Nisamehe kwa kuchelewa. Huku joto limekatika, majani ya mti wa mbele ya karakana yameanza kuanguka na sina sababu ya kuyafagia kwa kuwa hakuna mteja anayeingia. Afya yangu nzuri. Vitunguu vimefika, asante, ila usinitumie tena. Tumbo langu halivitaki siku hizi.

Sikuja kwa sababu sikuweza kumtazama mtu yeyote wa nyumba ile. Sina maneno mengine.

Waambie akina Eiji wanasema kweli. Shingo aliniomba, "Mjomba, niongezee kidogo tu, wenzangu wananicheka." Nikamwongezea. Nilipandisha nguvu ya turbo kuliko injini ile ilivyoweza kuvumilia, joto likazidi, bomba la maji likapasuka, maji yakamwagika chini ya tairi zake mwenyewe za nyuma kwenye kona. Gari likazunguka, ukuta ulikuwa karibu. Kosa ni la aliyelitengeneza. Nimewaambia wenzangu wa klabu ya mbio hivyo hivyo. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya karakana mbele ya Hatano na wale wengine tisa nikawaambia mikono hii isiguse magari yao tena. Kibao cha karakana nimekishusha.

Gari nililipeleka kwa sababu sikuweza kuliona pale uani. Mpini wa gia sikuukumbuka, nisamehe.

Vaa vizuri, baridi ya huko haina huruma.

Mitsugu


Kitami, 3 Novemba 1997

Mitsugu,

Theluji ya kwanza imeanguka jana ikayeyuka. Mama mkwe ana kikohozi, si kikubwa. Paka wa jirani amezalia kwenye ghala letu, wanne, sijui nani atawalea.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma inanikera. Wewe tangu mtoto hukubali kosa hata ukikamatwa na kijiko mdomoni. Unakumbuka wakati ulipovunja redio ya Baba? Siku tatu ulisema ni panya. Leo unakubali la mtu kufa, kwa mistari mitano, kama mtu anayejaza fomu. Usinifanye mjinga, bwana wee.

Na miaka ishirini umefanya kazi hii. Hatano mwenyewe alinisimulia kwenye mazishi, analia, kwamba hakuna gari ulilogusa wewe lililowahi kuchemka. Watu walikuwa wanakuita Mitsugu Barafu. Halafu gari la mpwa wako, mtoto wa dada yako wa pekee, ndilo ulipuuze?

Nieleze basi. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Turbo ni nini, joto linatoka wapi, linapozwaje, na wewe ulikosea wapi hasa. Nataka kujua mwanangu alikufa na nini. Hiyo ni haki yangu, na usinitumie maua.

Setsuyo


Ota, 21 Desemba 1997

Dada,

Mwaka unaisha. Kadi za mwaka mpya hatutaandikiana, tuko msibani, kwa hiyo hii ichukue nafasi yake. Mimi mzima. Nimepata kibarua kwenye ghala la vifaa vya nyumba, napanga ndoo na fagio. Meneja ni kijana wa miaka ishirini na saba, ananiita "mzee". Pole kwa kikohozi cha Mama mkwe, mpe maji ya tangawizi.

Umeuliza, nakujibu.

Turbo ni feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Lakini hewa ukiisukuma inapata moto, umewahi kushika pampu ya baiskeli, unajua. Ikiingia na moto ule, petroli inaweza kuwaka kabla ya wakati wake na pistoni ikatoboka. Kwa hiyo tunaipitisha kwanza kwenye kipoza hewa. Cha Shingo nilikifunga mwenyewe miaka miwili iliyopita, kipana, mbele kabisa nyuma ya bampa, pale upepo unapoingia.

Oili nayo ina kipoza chake kidogo pembeni. Feni ya umeme iko nyuma, niliweka yenye nguvu zaidi. Petroli yenyewe inapoza, ukiinyunyizia ndani zaidi kidogo kuliko inavyohitaji. Watu wanaona ni hasara, mimi naona ni bima. Kazi ya fundi wa aina yangu si kuongeza nguvu, dada. Nguvu kila mtu anaweza kuongeza. Kazi ni kujua joto linakwenda wapi.

Nilikosea kwenye nguvu ya turbo. Niliipandisha na petroli haikutosha. Basi. Hakuna lingine la kujua, nakuomba tuliache hapa.

Mwaka mpya uwe mwepesi kwenu.

Mitsugu


Kitami, 22 Februari 1998

Mitsugu,

Miezi miwili sijakuandikia, leo nitaandika bila salamu nyingi. Mama mkwe hajambo. Nje ni nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.

Jumanne nilitaka kwenda mjini kwa dawa zake. Lori halikupata joto, feni ya ndani inapuliza barafu miguuni. Kama kila mwaka, kama sisi sote huku, nikaenda ghalani kuchukua kipande cha boksi nizibie uso wa rejeta inayopoza maji ya injini, baridi isiingie sana. Nimekifunga kwa kamba nusu, mikono ikasimama yenyewe. Nilikaa chini kwenye theluji, Mitsugu. Jirani akadhani nimeanguka, akaja mbio: "Mama Setsuyo, mguu?" Nikamwambia ndiyo, mguu.

Sikiliza. Mwaka jana mwezi kama huu, mzee wa shamba la pili alifariki. Betri ya lori ilikuwa imekufa. Shingo yuko kazini Sapporo, gari lake jeupe liko hapa ghalani tangu vuli, na funguo aliniachia. Nikalichukua kwenda msibani. Baridi tupu ndani. Nikafungua boneti nizibe rejeta kama kawaida, mbele hakuna nafasi, kuna hicho chombo chako kipana. Lakini nyuma yake, kati yake na rejeta, pana upenyo. Nikakata boksi la vitunguu nikalitelezesha humo toka juu. Lilikaa sawasawa. Mimi nilijipongeza! Nilirudi nyumbani na joto zuri, nikaliegesha gari.

Aprili nikatoa boksi kwenye lori, nikatoa kwenye trekta. Pale nyuma ya chombo chako hapaonekani, nikasahau. Julai Shingo akaja, akachukua gari lake, akapanda nalo feri kuja kwako.

Nimetoa barua zako nikazisoma tena. Umenieleza hewa, petroli, oili, feni, mpaka pampu ya baiskeli. Rejeta hukuitaja hata mara moja. Hata mimi mlima vitunguu najua gari lina rejeta. Na tangu lini tumbo lako linakataa vitunguu, wewe uliyekuwa unavila vibichi na chumvi? Si vitunguu. Ni boksi. Ndiyo maana gari ulilikimbiza kwenye kupondwa kabla sijaliona.

Uliliona boksi langu, si ndiyo? Nijibu neno moja tu.

Setsuyo


Ota, 1 Machi 1998

Dada,

Ndiyo.

Nilitaka nikuandikie neno hilo tu, kama ulivyosema, nikashindwa kufunga bahasha. Kwa hiyo hebu nimalize.

Mimi na Hatano ndio tuliolivuta gari kutoka ukutani, Shingo akiwa ameshachukuliwa. Bampa ilikuwa imeng'oka. Hatano akaenda kutafuta kamba. Nikainama, nikaona maandishi ya kijani, Kitami, kilo ishirini. Limelowa maji ya moto lakini linasomeka. Nililikunja nikalitia ndani ya ovaroli. Lilikuwa bado na joto. Nilililinda kifuani mpaka hospitali, na ulipofika kesho yake ukaniinamia ukisema "asante kwa kukaa naye", lilikuwa chini ya kiti changu. Nilirudi nikalichoma. Kisha nikafanya hayo mengine.

Sasa nisikilize na wewe, maana hujui yote. Shingo alishuka feri bandari ya Oarai, akafika kwangu mchana. Joto la kufa mtu, nyuzi thelathini na sita. Akaniambia, "Mjomba, mshale wa joto leo umepanda kidogo kuliko kawaida." Unajua nilimjibu nini? Nilicheka. Nikamwambia, "Huku si Hokkaido, bwana mdogo. Huku hata watu wanachemka." Akacheka naye. Nikamwongezea petroli kidogo kwenye hesabu ya injini, joto lishuke, mshale ukashuka, nikaridhika. Kufungua bampa ni dakika ishirini. Mteja yeyote angeniambia neno lile ningefungua. Kwa mpwa wangu nilitania.

Kwa hiyo usichukue lisilo lako. Wewe si fundi. Boksi uliweka wewe kama kila mama wa huko anavyoweka. Kuangalia ilikuwa kazi yangu.

Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu Mama afe: usimwambie mtu. Mimi nina ndoo na fagio, hakuna anayenijali. Wewe unaishi katikati ya ukoo ule. Utawatazamaje kila asubuhi? Niachie hili. Limeshanizoea.

Mitsugu


Kitami, 25 Machi 1998

Mdogo wangu,

Barabara zimegeuka tope, theluji imebaki kwenye kingo tu. Tumechelewa kusia miche, nitaomba msaada kwa watu wa ushirika kama watanikubali.

Hasira zangu kwako hazina kipimo na wala sijui nianzie wapi. Ulinisitiri, najua. Ulifanya kwa upendo, najua. Lakini umekaa miezi saba ukiwa umebeba kifo cha mwanangu, na mimi mama yake nakuandikia kwamba asubuhi nyingine nakulaumu! Ukaniacha nikulaumu! Ulinifanya mtu mbaya, Mitsugu, bila kunipa nafasi ya kuchagua. Nimelia mpaka macho yamegoma.

Sikutii. Jumamosi iliyopita, tulipokusanyika kusafisha kaburi kwa ajili ya sikukuu ya wafu ya machipuko, niliwaambia wote. Nilisimama nikasema boksi ni langu, Mitsugu hana hatia. Eiji alichukua koti lake akaondoka. Mkewe akamfuata na sahani zake, chakula kikiwa ndani. Mama mkwe alikuwa anazungusha kikombe chake, nikadhani hakuelewa. Kisha akasema, "Setsuyo, chai yangu imepoa." Nikaenda nikaipasha. Tangu siku hiyo haulizi tena kama Shingo kaja. Tunakaa wawili, redio inaimba.

Na nimemwandikia Hatano, na wale wengine tisa, kila mmoja barua yake, kwa mkono wangu. Nimeeleza yote, pamoja na boksi. Hatano amenipigia simu. Akasema wiki ijayo wataleta magari yao kwako, wote, kama zamani, utake usitake. Wanakusubiri.

Wafungulie. Kirudishe kile kibao. Nimelipa kwa yote niliyokuwa nayo hapa ili ukirudishe, usinifanye nimelipa bure. Nataka kitu kimoja tu kibaki kizima katika habari hii, nacho ni kazi yako.

Dada yako


Ota, 19 Aprili 1998

Dada Setsuyo,

Maua ya cheri yamekwisha, barabara yote ni rangi yake na mvua inayasomba. Nimechelewa tena. Nilitaka kwanza nijue nitakuambia nini.

Walikuja. Kumi, wamepanga magari mpaka kwenye duka la mchele. Hatano aliniinamia mpaka paji la uso likagusa boneti. Hakuna aliyetaja barua zako. Mmoja alisema tu, "Haya, Barafu, turudi kazini," wakacheka wote, na mimi nikacheka. Nilifurahi, dada. Nusu saa nzima nilifurahi.

Hatano akanipa funguo za gari lake. Kazi ndogo: joto linapanda kidogo akipanda mlima. Wengine wakaenda kula tambi, nikabaki peke yangu. Nikafungua bampa. Nikaangalia kati ya kipoza hewa na rejeta, pasafi. Nikafunga. Nikawasha injini, mshale ukaanza kupanda kama mshale wowote unavyopanda injini ikipata moto, nikazima. Nikafungua bampa tena. Pasafi. Nikafunga. Waliporudi nilikuwa nafungua mara ya nne, na skrubu mbili nimeshaziharibu, na jasho linanitiririka. Nikasema, "Subiri, nina uhakika kuna kitu." Hatano akanichukulia spana mkononi polepole. Akasema, "Hakuna kitu, Mitsugu." Nikamwambia, "Najua." Nikanyoosha tena mkono kuchukua spana.

Vifaa vyangu nimempa yeye. Kibao sikukirudisha. Uliyolipa umelipa bure, dada, na naumia kukuandikia hivyo kuliko nilivyoumia kufunga karakana. Jina langu umelisafisha, nakushukuru kwa hilo. Mikono hukuweza.

Limebaki moja. Nilidhani nitakufa nalo. Lakini wewe umesema yote mbele ya ukoo mzima, sistahili kubaki na siri.

Nilikuambia kule hospitali kwamba Shingo alikuwa ameshakata roho nilipomfikia. Si kweli. Nilimkuta anapumua. Aliniambia, "Mjomba, mshale nimeuona, umegusa mwisho. Nilitakiwa kutoka kwenye mbio nizime injini. Nikasema nimalize mzunguko mmoja tu, muda wangu wa mbio ulikuwa mzuri." Nikamwambia nyamaza, usiongee. Akashika mkono wa ovaroli yangu. Akasema, "Kosa langu hili. Usimwambie mama."

Nikamwambia, "Simwambii."

Ndugu yako,
Mitsugu